Jino la Juu

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kung'oka meno, mdogo wangu Stavros alikuwa anaota yake. Mimi nilitembea na pengo mbele nikijivunia, naye alitafuna kila kilichofika mkononi mwake: kijiko, pindo la shuka, kidole cha bibi. Baba alikuwa vitani. Aliondoka kabla Stavros hajazaliwa, muda mfupi baada ya redio kusema kwamba Wataliani wameivamia Ugiriki, nchi ambayo sikuwahi kuiona lakini wakubwa waliizungumzia mezani kana kwamba iko ng'ambo tu ya mfereji.

Tuliishi kwenye shamba la kahawa chini ya Kilimanjaro, upande wa Moshi. Leo, nikiandika haya katika fleti yangu ndogo hapa Troyeville, Johannesburg, siwezi kusema "shamba letu" bila kusita. Lilikuwa la watu wengine kabla ya kuwa letu, na mfereji ulioleta maji jikoni ulichimbwa na babu za watu waliotuchumia kahawa. Wakati ule sikulijua hilo, na waliolijua hawakuwa na desturi ya kumweleza mtoto wa Kizungu.

Nyumba ilikuwa ya wanawake: mama, bibi mzaa baba, mimi, na Namkunda, mlezi wetu, Mpare wa milimani. Kwa Kigiriki bibi ndiye anayeitwa yaya, kwa hiyo Namkunda hakuweza kuitwa hivyo kama walezi wa nyumba nyingine. Tulimwita kwa jina lake. Hakuwa na mume wala mtoto. Ndiye aliyenipa lugha hii ninayoiandika. Kigiriki kilikuja baadaye, kwa ukali wa bibi.

Alasiri moja barazani, akimlisha Stavros uji, mkono wake ulisimama. Aliweka kijiko chini, akapitisha kidole kwenye ufizi wa mtoto, akatazama mlangoni kuona kama kuna mtu.

"Eleni, njoo. Wewe una macho mazuri. Angalia hapa, uniambie unaona nini."

Niliona kitu cheupe, kidogo kama punje ya chumvi.

"Jino."

"La juu au la chini?"

"La juu."

"Angalia vizuri."

Niliangalia vizuri. Lilikuwa la juu. Namkunda alimfuta Stavros mdomo polepole, akamshushia kanzu yake.

"Hujaona kitu," akasema. "Na mimi sijaona. Tusubiri la chini litoke, ndipo tuyaone yote kwa pamoja."

Nilidhani ni mchezo wetu wawili, nikaufurahia. Bibi alipomchukua Stavros kumbembeleza, Namkunda alitokea na ganda la mkate, akamtia mtoto kinywani. Mama alipotaka kumlisha, Namkunda alikuwa amekwisha kumlisha. Mwishowe nilimfuata jikoni, alikokuwa anachambua maharage, nikamuuliza tunamficha nani.

"Mtoto anayeanza kuota la juu anaitwa kigego," alisema. "Anakuja na kitu nyuma yake. Si yeye, yeye hana kosa. Ni hicho kitu."

"Kinafanya nini?"

"Kinachukua mtu wa kwao. Mara nyingi baba."

"Baba yuko mbali."

"Hakijui mbali."

Dirisha la jikoni lilitazama kusini, na siku za kiangazi milima ya Upare ilionekana, ya bluu, imelala kama mtu aliyejifunika shuka. Namkunda aliionyesha kwa kidevu. "Kwetu kule kuna jabali. Zamani walikuwa wanapelekwa huko."

"Kufanya nini?"

"Hawakurudi." Alitupa jiwe lililokuwa kwenye maharage. "Mama yangu alizaa mtoto kabla yangu. Aliota la juu."

"Yuko wapi?"

"Hakupata mtu wa kumwokota."

Sikuelewa jibu hilo. Lakini tangu jioni ile nililala nikiipa milima mgongo.

Siri yetu haikudumu. Bibi alimpa Stavros kijiko cha fedha achezee, akasikia kikigonga kitu kinywani, na nyumba nzima ikajua. Kwao visiwani, jino la kwanza lina sherehe yake: huchemshwa ngano, ikatiwa sukari na zabibu, wakagawiwa majirani, ili meno mengine yatoke kwa urahisi. Aliyeliona jino kwanza humpa mtoto vazi jipya. Bibi aliamini kwamba ameliona kwanza yeye, akaanza kushona shati siku ileile. Tatizo lilikuwa ngano. Vita vilikuwa vimeimaliza madukani.

"Basi tutumie mahindi," alisema. "Mahindi na maharage. Namkunda, nyinyi mnayapika vizuri. Upike mengi, wachumaji wote wale."

Yaani makande. Aliagiza chakula cha kwao Namkunda, kiwe cha kusherehekea jambo ambalo kwao watu hulifungia mlango.

"Bibi mkubwa," Namkunda alisema, "labda tungoje la chini."

"La chini la nini? Jino ni jino."

Mama hakuinua uso kutoka kwenye cherehani. Namkunda akaenda kuloweka mahindi. Siku ya kupika nilimwona akikoroga bila kuonja, yeye ambaye alionja kila kitu.

Jumamosi baada ya kazi, wachumaji waliitwa uani, Wachaga na Wapare, wake kwa waume. Walikaa kwenye majani wakitaniana, kwa sababu chakula cha bure kwa tajiri hakikosi maneno.

"Leo memsahibu kaokoka," alisema mmoja.

"Wewe kula kwanza, ndiyo umseme."

"Nakula. Lakini naangalia na mlango, nisije nikaambiwa nilipe."

Bakuli zilipokwisha kufika mikononi, bibi alitoka na Stavros ndani ya shati jipya. Aliona kwamba watu wanakula bila kujua wanakulia nini, na hilo lilimsikitisha. Akamwinua mtoto juu, akafunua mdomo wake kwa kidole gumba, akageuka naye polepole ili kila mtu aone.

Vicheko vilikatika upande mmoja, kisha upande mwingine, jinsi alivyokuwa anageuka. Mama mmoja alikitema kiganjani chakula kilichokuwa kinywani mwake, akakiweka chini kwa adabu, kana kwamba ni mali ya mtu. Wakaanza kuinuka. Hawakukimbia. Bakuli zilibaki kwenye majani zikitoa mvuke, na bibi bado amemwinua mtoto.

"Wana nini hawa?" aliuliza kwa Kigiriki. "Hawakupenda chumvi?"

Bibi hakuwa mjinga, na nisingependa mtu amcheke. Yeye mwenyewe alivaa shingoni ushanga wa bluu wenye jicho, na kila aliposikia Stavros anasifiwa alimtemea mate kidogo ili kijicho kisimpate. Aliijua hofu vizuri. Ila hofu yake ilikuwa inakaa machoni pa watu, haikumjia akilini kwamba ya wenzake inaweza kukaa kwenye jino.

Jumatatu hakuja mchumaji hata mmoja. Kahawa ilikuwa imeiva nyekundu, na kahawa iliyoiva haingoji. Wiki ilipokuwa inayoyoma hivyo, alikuja nyapara wetu, Mshana, kofia mkononi. Mama alimpokea barazani. Mimi nilikuwa chini ya meza na mwanasesere wangu.

"Memsahibu, watu hawatakanyaga hapa. Wana waume na kaka walioko vitani, kama Bwana. Wanasema kitu kile kikikosa njia ya mbali kitaingia kwa jirani."

"Mshana, ni jino la mtoto."

"Ndiyo, memsahibu."

"Wewe unaamini?"

"Mimi Mkristo," alisema Mshana, akiitazama kofia yake. "Ila makande na mimi sikula."

Mama akauliza wanataka nini.

"Atupwe."

Niliona miguu ya mama ikisimama ghafla.

"Si kutupwa kweli, memsahibu. Awekwe njia panda kama asiye na wenyewe. Akitokea mtu wa kumwokota, mtoto anakuwa wa huyo mtu, na kinachomfuata kinahama naye. Bwana anakuwa si baba yake tena."

"Na huyo mtu?"

"Ndiyo sababu ni vigumu kumpata."

Mama alikubali kwa ajili ya kahawa. Sisemi hivyo kumlaumu. Alikuwa peke yake, mumewe alikuwa kimya kwa miezi, na alichoombwa kilionekana ni maigizo ya asubuhi moja tu.

Ilifanyika pale barabara ya shamba inapokutana na njia ya mfereji. Wachumaji walisimama pande zote, mbali kidogo. Mama alitandika shuka, akamweka Stavros, akarudi nyuma kama alivyoelekezwa. Stavros alicheza na kivuli chake. Akachoka nacho, akatafuta uso anaoujua, akaanza kulia.

Hakuna aliyesogea. Asubuhi ilikuwa safi, na milima ya Upare ilionekana karibu kuliko siku zote. Nilikuwa nimesikia neno kutupwa, nilikuwa nimesikia neno jabali, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba si kitu kimoja. Nilimshika bibi sketi. Alikuwa anajifanyia ishara ya msalaba, midomo ikienda bila sauti. Mwewe alikuwa akizunguka juu, na kivuli chake kikapita juu ya shuka, kikaenda, kikarudi tena. Kilio cha Stavros kilibadilika, kikawa cha kukata tamaa. Mama alipiga hatua.

"Memsahibu," Mshana alisema kwa upole, "ukimgusa sasa amerudi kwako, na hatuwezi tena."

Ndipo Namkunda alipotokea. Hakutoka nyumbani, alitoka upande wa mfereji, peke yake, amevaa kanga yake ya kanisani, miguu imelowa kama ya mtu aliyevuka maji akitoka safari. Alipita katikati ya watu bila kusalimia, akasimama kwenye shuka.

"Mtoto wa nani huyu?"

Akamgeukia mama, akamtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mama, ni wako?"

Mshana alikuwa akimtazama mama.

"Simjui," alisema mama.

"Hana mwenyewe?"

"Hana."

Namkunda akainama, akamwokota, akampangusa vumbi. "Basi ni wangu," alisema. "Na kinachomfuata kinifuate mimi."

Watu walishusha pumzi pamoja, kama waliotua mzigo. Kesho yake kahawa ilichumwa.

Bibi alisema maigizo yamekwisha, lakini kwa Namkunda hayakuwa yamekwisha. Hakumwita tena Stavros kwa jina; alimwita Wangu. Alitaka alale naye chumbani kwake, uani. Mama alikataa. Basi Namkunda akatandika mkeka sakafuni kando ya kitanda cha mtoto, akalala hapo kila siku. Sakafu ilikuwa ya saruji. Mama aliniambia miaka mingi baadaye, hapa Johannesburg, nyuma ya kaunta ya duka letu kule Malvern, kwamba alitaka kulisema lile neno "simjui" kama mwigizaji, na likatoka kama kweli. Baada ya hapo hakuwa na uso wa kumwondoa Namkunda pale sakafuni.

Baada ya masika gari la serikali lilipanda shambani. Ofisa aliposhuka akavua kofia, bibi alikaa chini pale pale ngazini. Lakini baba alikuwa hai. Alikuwa amejeruhiwa mguu, yuko hospitali huko Misri, angerudi nyumbani. Nilikimbia jikoni kumwambia Namkunda.

"Nimesikia," alisema. Alikuwa anapepeta mchele. "Kimemwendea, kimekuta si baba wa mtu."

"Kwa hiyo kimeondoka?"

"Kinarudi kumtafuta mama."

Alisema hivyo kama mtu anavyosema kwamba alasiri itanyesha. Tangu siku ile alianza kunifundisha: Wangu alalie ubavu gani, uji wake upoe kiasi gani, aimbiwe nini akiota vibaya. Nilifikiri ananifundisha kwa sababu nimekua.

Kwenye baridi ya Julai kichomi kilimshika Namkunda. Mama alimleta daktari kutoka mjini, naye alifanya aliloweza kwa dawa chache zilizokuwapo. Niliruhusiwa kusimama mlangoni tu.

"Namkunda, unaogopa?"

"Naogopa sana," alisema. "Wangu amekula?"

"Amekula."

"Nini?"

"Makande."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Baba alirudi na fimbo yake, akamkuta mwana ambaye hakumjua, anayezunguka nyumba nzima akimtafuta mama mwingine.

Watu hufa kwa kichomi. Kulala kwenye saruji msimu mzima kunatosha, hakuhitaji kigego. Nimejiambia hivyo katika maisha marefu na vitabu vingi, na sioni kosa katika hoja hiyo. Ila kila ninapoifikia naona kwamba hata kwa njia ya daktari, alikufa kwa sababu alimwokota.

Tulihamia Johannesburg, tukauza mkate na sigara. Stavros alizeeka akafa mzee, na meno ya bandia juu na chini. Sikuzaa. Kiswahili kilikaa ndani yangu bila mtu wa kusema naye, mpaka Wakongo walipohamia mtaani na nikasikia mtu ananunua nyanya kwa sauti ya utoto wangu. Ghorofa ya juu yangu anakaa Chantal, msusi, mwenyeji wa Lubumbashi. Ananiita Nkambo, yaani bibi. Kiswahili chake na changu havifanani, lakini tunasikilizana.

Mwezi uliopita aligonga mlango akiwa na binti yake mchanga, Merveille, chuchu ya plastiki kinywani.

"Nkambo, angalia huyu mutoto mu kinywa."

Aliivuta chuchu. Sikuhitaji miwani. Punje ya chumvi, juu.

"Kwetu banaita kinkula," alisema Chantal. "Mama-mukwe kila siku ya Mungu anapiga video. Anasema, onyesha mi mutoto anacheka. Minamutia chuchu. Ananiuliza, huyu mutoto anacheka na chuchu namna gani, ni sigara?" Alitaka kucheka mwenyewe, ikashindikana. "Na bwana yangu analinda duka kila usiku. Eish, Nkambo. Simu ikilia, moyo inakufa."

"Umemwambia pasta?"

"Anasema nisiamini."

"Na wewe?"

"Siamini," alisema. "Minaogopa tu."

Nikamwambia la kufanya. Nimepita miaka tisini, siwezi kuinama mpaka sakafuni nikainuka tena, kwa hiyo aliweka kreti ya soda nje ya mlango wangu, na mto juu yake, na Merveille juu ya mto. Alicheka akiviweka, kisha akaacha. Akapanda ngazi. Nikafunga mlango, nikangoja kidogo, nikaufungua kama mtu anayetoka.

Chini kulikuwa na watoto wanacheza mpira wakipiga kelele kwa Kizulu. "Mtoto wa nani huyu?" nikauliza.

Nilidhani nitakuwa ninaigiza. Siamini, na kwa umri wangu kuna nini cha kuchukua? Wa kwetu wote nimewazika. Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo kabla ya kumwambia Chantal, nikaona ni zawadi isiyo na gharama. Lakini maneno yanayofuata yalikataa kutoka. Mkono wangu ulikuwa umeshika fremu ya mlango. Ukumbi, nyuma ya yule mtoto, ulikuwa kimya kwa namna fulani, kama chumba chenye mtu anayesubiri kusikia utakachosema. Na nilitaka kuishi. Nilitaka kuona mijakaranda ikichanua Oktoba nyingine. Bibi wa miaka tisini na ushee, nimeshika mlango.

Namkunda alikuwa kijana. Aliamini kila neno. Na alitoka mferejini, miguu imelowa, bila mtu kumwita.

Kwa maisha yangu yote nilisema alitupenda, na nikaona nimeeleza kila kitu. Sasa sijui. Labda alikuwa anamwokota mtoto wa mama yake. Labda alimwona mtoto analia barabarani na watu wazima wamesimama. Neno upendo lilitufaa sisi, kwa sababu lilituruhusu kupokea bila kuuliza tulichopewa kilikuwa na uzito gani.

"Nkambo?" Chantal aliita kutoka juu. "Uko?"

"Niko."

Nikamwinua kutoka kwenye kreti. Nikasema ni wangu, na maneno yale mengine ya Namkunda nikayasema pia, yote, kwa sauti ya kusikika ngazini. Merveille alikishika kidole changu, akakitia kinywani, akauma.